Shoto Amebaki, Mama

Mama yangu,

Shoto amebaki. Nimeanza na hilo makusudi, maana ungekuwa hai usingenipa hata nafasi ya kukuamkia. Ungeniuliza habari za Shoto kwanza, shikamoo ingefuata baadaye. Basi amebaki. Ameongeza mkataba, amevaa jezi ya buluu mbele ya kamera, akacheka na ule mwanya wake, akasema, "Mimi nipo sana." Haya, sasa pokea shikamoo yangu.

Watu wanasema marehemu hupelekewa dua, si habari za mpira. Dua nimekuletea. Ijumaa iliyopita nilikuja Mlingotini, nikang'oa majani kaburini kwako na kukusomea Yasini. Lakini nilipoinuka kuondoka nilijiona kama mtu aliyepeleka salamu nusu. Wewe na dua tu, bila mpira? Ndiyo maana nimekaa hapa dukani Mapinga, wateja wa saruji wakiingia na kutoka, nakuandikia hii nusu ya pili.

Ulipoondoka masika yalikuwa yanaanza, na Shoto alikuwa akifunga karibu kila mechi. Ligi ilipokwisha zikaanza tetesi. Kwanza walisema anakwenda Uarabuni, watu wakameza. Kisha wakasema anakwenda Damu ya Mzee. Mama, Damu ya Mzee! Timu ya Baba! Akina mama wa tawi lako la Buluu walikaa pale soko la samaki kama watu waliopokonywa mtoto. Bi Tatu, makamu wako, aliacha kukaanga samaki siku nzima. Alisema heri angekwenda Uarabuni asionekane tena kuliko kumwona ng'ambo ya uwanja amevaa rangi ile.

Mimi, unanijua, mpira sikuwahi kuujali. Nilikua katikati yenu nikila samaki wa mshindi. Buluu ikishinda ulikaanga vibua vya mtaa mzima, na sahani ya Baba ukaiwekea mchicha mtupu. Buluu ikifungwa, Baba alijifunika kanga yako kichwani, akaja uani kwa mwendo wa kinyonge kukupa pole ya mfiwa, na wewe ukamfukuza na mwiko. Nyumba za wenzetu mume na mke huitana mpenzi. Ninyi mliitana mtani, na sikuwahi kuona watu wanaopendana vile.

Kwa hiyo tetesi zilipofika, mimi sikumfikiria Shoto. Nilimfikiria Baba.

Nikwambie ukweli, Mama, Baba alikuwa anatupotea. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Alikwenda msikitini, alikula kidogo, alikaa barazani na cherehani yake akishona sare za wanafunzi. Lakini hakumtania mtu, na hakuna aliyethubutu kumtania. Wazee wenzake wa barazani, wale waliokuwa wakimrushia maneno tangu asubuhi, walianza kusema naye polepole kama mtu aliyebeba yai. Pole, Fundi Kondo. Subira, Fundi Kondo. Kila mtu alikuwa mwema kwake, na nilimwona akizidi kusinyaa katikati ya wema ule. Nami nilikuwa mmoja wao. Kila nilipopiga simu nilimwuliza kama amekula, akajibu amekula, tukaishia hapo.

Unakumbuka zile jezi za buluu alizolishonea tawi lako, akilalamika kwamba unamdhulumu kwa kumshikisha uchafu? Jina la Shoto alilishona mwenyewe mgongoni, herufi kwa herufi. Basi tetesi zilipopamba moto, vijana wa tawi walimletea jezi zile barazani ayafumue majina. Walikuwa na hasira, hawakutaka kumwona Shoto hata mgongoni. Mama, fikiria: mashabiki wa Buluu wamejileta wenyewe mbele ya Baba, vichwa chini, wanamwomba afumue! Zamani maneno ya siku ile tungeyala mwaka mzima. Baba alichukua wembe, akafumua jezi moja baada ya nyingine, akazikunja, akawarudishia. Hakusema neno. Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumjulia hali, nimekaa mkekani nikimwangalia, nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya maziko yako.

Sasa sikia kichekesho. Mzee Pazi, mwenyekiti wao wa Damu ya Mzee, ana mpwa wake Dar es Salaam anayejifanya anajua kila kitu cha usajili. Mpwa akapiga simu, akasema jambo limekwisha, Ijumaa mchana Shoto anatambulishwa. Mzee Pazi hakungoja. Akachinja mbuzi. Baada ya sala ya Ijumaa wakateleka pilau palepale mbele ya baraza ya Baba, sufuria mbili kubwa, kachumbari, na kitambaa cha damu ya mzee kimetandazwa ukutani kumkaribisha mgeni. Harufu ya bizari ilifika mpaka sokoni, na Bi Tatu alisema ilimwingia puani kama pilipili. Wali haujaiva, simu zikaanza kulia.

Ilikuwa ile picha. Shoto na jezi ya buluu, kalamu mkononi.

Sijui kama huko mliko sauti zinafika. Kama zinafika, basi ulisikia. Vigelegele vilianzia kwa wakaanga samaki, vikapanda mtaani, bodaboda wakapokea kwa honi. Mwuza madafu alianza kugawa madafu bure, alipozinduka mkokoteni ulikuwa mtupu. Wanawake wazima walikumbatiana na mikono yao ya shombo. Mtu mmoja alisujudu barabarani, lori likamsubiri amalize. Wale vijana waliofumuliwa majina walikimbia huku na huku migongo mitupu, hawajui washerehekee au waone haya. Na Mzee Pazi, maskini, alikuwa amesimama na upawa juu ya pilau la mgeni asiyekuja.

Mimi nilikuwa sokoni, maana Ijumaa ile nilikuwa nimekuja kumtazama Baba, na hapo ndipo Bi Tatu aliponivuta pembeni. Akina mama walikuwa wamekwisha kujifunga kanga, tayari kwenda kuwalilia Damu ya Mzee msiba wao, kama mlivyofanya siku zote wewe ukiwa mbele. Lakini msiba ule ulikuwa uende barazani kwa Baba. Akaniuliza, "Zuhura mwanangu, twende, tusiende? Shemeji ni mfiwa wa kweli. Nisije nikamtonesha."

Mama, nilikutafuta. Wallahi niligeuka kabisa nikutazame, nikuulize. Nikaona mahali pako tu, kibao chako na karai lako ambalo sasa linatumiwa na mwingine. Nikafikiri, tukienda akaumia, sitajisamehe. Tusipoenda, ataendelea kupewa pole mpaka tumzike. Nikamwambia Bi Tatu twende, nami nikajitanda kanga nikafuata nyuma.

Tulipanda mtaa tukilia kilio cha uongo, kile chenu cha kuvuta. Jamani Shoto wao! Hata hawakumwona! Watoto wakacheka, watu wakatoka milangoni. Tulipofika barazani tukamkuta Baba nyuma ya cherehani, akatutazama. Na kilio chote kikakatika. Wanawake wale wote, midomo ile yote unayoijua, kimya. Bi Tatu aliona aibu, akaitoa kanga usoni, akaanza salamu za adabu, "Shikamoo shemeji, tulikuwa tunapita tu."

Baba akaweka mkasi chini. Akasema, "Mbona mmenyamaza? Msiba gani huu hauna waliaji? Angekuwepo mwenyewe, saa hizi sauti imeshafika Kaole."

Alikutaja, Mama. Tangu tulipokuzika hakuwahi kukutaja mbele ya watu. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, hajifuti. Bi Tatu akaangua kilio tena, na safari hii sijui kilikuwa cha uongo au cha kweli, nadhani vyote viwili. Wote tulilia. Tulikulilia wewe na tukawalilia Damu ya Mzee kwa pumzi moja. Kisha Baba akamgeukia Mzee Pazi, akamwambia, "Wapakulie wafiwa wale. Pilau la msiba halirudi jikoni." Wakatupakulia. Tulilila lote, mpaka ukoko. Lilikuwa tamu, ila kitunguu walikiunguza kidogo.

Kesho yake vijana walirudi na jezi zao kuomba majina yashonwe upya. Baba akawaambia hiyo kazi ina foleni, wakae chini wasubiri. Akawaweka barazani mchana kutwa, akimshonea kila mmoja herufi mbili, anasimama kunywa kahawa, anawauliza kama wana hakika, au angoje kidogo maana huenda kesho wakamkana tena. Bi Tatu alinipigia simu kunisimulia, nami nikamweka kwenye spika ili msaidizi wangu naye asikie. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya mifuko ya saruji.

Lakini siku ile ya pilau, tulipokuwa tunaosha vyombo, Baba alinijia uani. Alisimama mlangoni, pale alipokuwa akisimama kukusubiri umfukuze. Akasema, "Watu wote wananihurumia, Zuhura. Hata wewe. Mamako peke yake ndiye hakuwahi kunihurumia, na mimi nilikuwa mtu kwa ajili hiyo." Nikamtazama na lile shati lake la damu ya mzee lililopauka, nikamwambia, "Na ulilie shati lako kwanza, limekufa kabla ya timu." Alinikodolea macho. Kisha akasema, "Alhamdulillahi, kumbe mdomo nao umeurithi."

Basi ndiyo hivyo, Mama. Nimejiandikisha tawini. Nimeanza kujifunza, Bi Tatu ananifundisha, nimeshajua kuotea ni nini, ingawa bado naona ni uonevu. Baba hupiga simu kila Buluu inapotoka sare, asubuhi na mapema, hata salamu hanipi. Juzi Shoto alikosa penalti. Nilitukanwa mpaka mteja akanionea huruma, akidhani nazungumza na mtu anayenidai.

Nimekukosa sana. Naomba nisiandike zaidi hapo, nisije nikaichafua karatasi. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, akutilie nuru, na akulipe kwa kila samaki uliyemkaangia jirani.

Lala salama, Mama. Usiwe na wasiwasi naye. Nakuahidi, maadamu mimi na yeye tupo hai, sitamhurumia Baba hata siku moja.

Mwanao,
Zuhura