Kamba ya Kupimia Magurudumu ya Mjomba

Shamba la Mkonge, Korogwe
5 Novemba 1957

Mpendwa Mjomba Ernesti,

Kabla hata ya shikamoo, naomba niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Zile barua tatu za Baba, za kukushauri kuhusu tairi za gari lako la mashindano, Baba hakuziandika. Niliandika mimi. Sahihi yake nilijifunza kwenye daftari la stoo. Ule mkia wa herufi ya mwisho ulinichukua siku mbili.

Shikamoo Mjomba. Habari za Handeni? Sisi wazima, ila Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la mkonge.

Ilikuwa hivi. Barua yako ya kwanza ilipofika, Baba aliisoma mistari miwili akasema, "Mtu aliyeniharibia baiskeli ndiye ananiuliza habari za magurudumu?" Akaichomeka chini ya mguu wa meza inayocheza. Mimi nikaichomoa nikaisoma.

Unakumbuka mwenyewe. Uliazima baiskeli yake ina magurudumu mawili ya inchi ishirini na nane, ukairudisha la mbele likiwa la ishirini na sita. Mwaka wa nne huu anaiendesha hivyo hivyo, kainama kama anayeteremka mlima, wala hataki kuitengeneza. Watu wakimwuliza anajibu, "Mwulizeni shemeji yangu." Na wewe hujakanyaga hapa miaka yote hiyo. Kila Krismasi Mama anapika wali wa kuzidi, halafu anautazama. Ndiyo maana nilijibu.

Ushauri wenyewe si wa uongo. Baba ni mtunza stoo ya tairi, lakini kitabu cha tairi ni cha Kiingereza, na anayemsomea ni mimi.

Sasa unasema siku ya mashindano utakuja na mbuzi, umshukuru Baba kwa moyo wake wa kusamehe. Mjomba, nakuomba, usimshukuru! Hajasamehe kitu. Akigundua, sitakuwa na uso wa kumtazama, na wewe hutaingia nyumba hii tena.

Nijibu kupitia kwa Mwatumu, yule mama anayeuza maandazi stesheni. Nasikia viatu vya Baba kwenye kokoto. Naificha hii ndani ya kitabu cha hesabu.

Mpwa wako,
Paulina


Handeni
11 Novemba 1957

Mpwa wangu Paulina,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, mgongo tu. Mpe pole mama yako, lakini usiseme imetoka kwangu.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Mtoto wewe! Barua ya pili ya "baba yako" niliisoma kwa sauti mbele ya mafundi wenzangu. Nikafuta machozi kwa kitambaa chenye grisi, jicho likavimba siku tatu. Kumbe namlilia msichana wa darasa la nane!

Sikukasirikii. Nalikasirikia jicho.

Na mimi nikuungamie. Gurudumu lake liliingia shimoni kule Kabuku likapinda. Nikafunga nililolipata. Nilidhani hataona.

Kuja nitakuja. Mbuzi keshapatikana na anakula shuka langu. Nami nataka kula kwa dada yangu kabla sijazeeka. Sitamshukuru baba yako, nitakohoa tu mlangoni tuone.

Sasa unishauri, maana wewe ndiye mtaalamu. Hii ni mara ya kwanza Wazungu wa klabu ya magari ya hapo kwenu kumruhusu dereva Mwafrika kushindana kwenye kiwanja chao cha ndege, sitaki nichekwe. Nina magurudumu mawili manene ya pikapu, rimu ya kumi na sita, na mawili membamba ya gari bovu, rimu ya ishirini na moja. Nati zinakubali yote. Nifunge makubwa nyuma, yaongeze mbio?

Ni mimi mjomba wako, shemeji wa mtu asiyetaka,
Ernesti


Korogwe
15 Novemba 1957

Shikamoo Mjomba,

Natumaini jicho limepungua. Mama hajambo, kikohozi kimeacha.

Tafadhali usichanganye. Namba ya rimu peke yake haitoshi, lazima uongeze unene wa tairi juu na chini. Rimu ya kumi na sita yenye tairi la inchi sita, kimo chake inchi ishirini na nane. Ile ya ishirini na moja yenye tairi la inchi nne na nusu inafika thelathini. Tofauti inchi mbili. Gari litainama.

Kiwanja nimekipita kwa miguu nikijifanya natafuta kuni. Ni majani juu ya changarawe, na mapipa sita ya kuzunguka. Gurudumu dogo litaondoka upesi, na tairi nene litashika kwenye kona. Yale makubwa yangefaa kama mngenyoosha hadi Tanga. Kwa hiyo tafuta mawili mengine ya pikapu.

Ila tairi lililolika halifuati kitabu, kwa hiyo pima. Nakutumia kamba ya mkonge niliyoisokota mwenyewe, kila baada ya inchi nne nimepiga fundo. Izungushe kwenye tairi uhesabu nafasi kati ya mafundo. Yote manne yatoe idadi moja. Halafu pitisha kiberiti kati ya tairi na madigadi. Kisipopita, litasugua.

Baba kaniuliza leo kwa nini wino wa stoo unaisha upesi. Nimesema joto.

Mpwa wako,
Paulina


Handeni
24 Novemba 1957

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Jicho limepona. Mbuzi hajambo, shuka limekwisha.

Ya pikapu nimeyatafuta Handeni nzima, nikafika mpaka Kwamsisi, hakuna. Lakini furahi! Kamba yako imetuokoa. Makubwa niliyapima Jumanne nimekaa kibandani: nafasi ishirini na tatu na nusu. Ya pikapu nikayapima Alhamisi nje, mvua inanipiga, kamba imelowa chapachapa kama mimi mwenyewe: ishirini na tatu na nusu! Sawasawa kabisa! Kumbe hicho kitabu cha Kiingereza hakizijui tairi za Handeni.

Basi nimefunga madogo mbele, makubwa nyuma. Kiberiti hakikupita, nimeng'oa madigadi. Tuonane Jumamosi.

Mjomba wako,
Ernesti


Korogwe
27 Novemba 1957

Mjomba, shikamoo, mengine baadaye!

Kamba ya mkonge ikilowa hufupika! Huku hata mtoto anajua. Mvua ikianza, Mama hulegeza kwanza kamba ya kuanikia, la sivyo inang'oa nguzo. Nilisahau kwamba wewe ni mtu wa grisi, si wa mkonge. Yale madogo yalihesabika makubwa kwa sababu kamba ilikuwa imejivuta.

Gari lako limeinama mbele, Mjomba. Inchi mbili zile zile za baiskeli. Baba atadhani umekuja kumcheza shere mbele ya shamba zima! Fungua hayo magurudumu, au usije.

Nampa Salimu, utingo wa lori la Handeni, akufikishie leo leo.

Mpwa wako,
Paulina


Korogwe
2 Desemba 1957

Shikamoo Mjomba,

Umefika salama? Sisi sote wazima, na mbuzi pia. Ulikimbia ukamwacha amefungwa kwenye pipa la sita.

Barua yangu ya mwisho Salimu kanirudishia leo asubuhi. Anasema aliisahau ndani ya kofia. Kwa hiyo Jumamosi nilikaa karibu na Baba nikiomba injini yako izimike ungali njiani.

Ukatokea. Pua chini, matako juu, bila madigadi, kama mbuzi anayenusa majani. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alisimama, akafumba jicho moja kama anavyokagua tairi, akasema polepole, "Inchi mbili." Akageuka kuitazama baiskeli yake iliyoegemea ukuta wa stoo kando ya kiwanja. Akalitazama gari tena. Mimi nilishafunga macho.

Ndipo nikasikia sauti nisiyoijua. Baba anacheka! Kashika mlingoti wa bendera asianguke. "Rosina! Njoo umwone ndugu yako, kajifanyia mwenyewe yale ya baiskeli yangu!" Na pale pipa la nne nyuma ilipokuteleza, yeye ndiye aliyepiga kelele, "Kaza, shemeji! Kaza!" Wewe hukusikia kwa injini. Ulikuwa wa tano kati ya sita, na wa sita alizimikiwa, lakini ulimaliza. Halafu ukamwona Baba anakuja mbio, ukadhani anakuja kukupiga. Alikuwa anakuja kukushika mkono, Mjomba.

Jana baada ya misa akaniita. "Mwandikie mjomba wako aje Jumapili. Mbuzi hachinjwi bila yeye. Andika kama ulivyozoea."

"Nilivyozoea vipi, Baba?"

"Kwa jina langu. Ila ule mkia unauvuta mno. Mimi siandiki hivyo."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Anasema kitabu kile hakuna mwingine wa kukisoma, na joto halijawahi kunywa wino. Alijua tangu barua ya kwanza, akawa anangoja aone nitamshauri mtu vizuri au vibaya. Mama ameanza kuchagua mchele leo, na Jumapili bado siku sita.

Lakini hii naandika kwa jina langu. Hapa chini nimeacha nafasi, Baba aandike mstari wake. Anasema unahusu gurudumu fulani la inchi ishirini na nane.

Mpwa wako,
Paulina

Nasikia viatu vyake kwenye kokoto. Mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye kitabu cha hesabu. Nimeurudisha. Sasa yuko barazani, anajifuta miguu. Karatasi iko wazi mezani, siifichi, na kalamu namwachia.