Mama, Damu Yako Imebaki Dar

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utasema mji umeniharibu.

Duka lipo. Wateja wako wa Mbeya bado wanakuja kuchukua vitenge. Nikiwapa habari zako wanakaa kwenye benchi wanalia, halafu wanafuta machozi wanaomba bei ya mwisho. Wewe ungewapunguzia. Mimi siwapunguzii ng'o.

Ila kuna jambo limetugombanisha nyumbani. Ni ile damu yako.

Unakumbuka walivyokuzungusha? Kliniki ya moyo wanasema ni mapafu, ule moshi wa kuni wa enzi zako za umama lishe pale Msimbazi. Ya mapafu wanasema ni moyo. Wakimaliza, wote kwa sauti moja: "Mama, punguza mwili." Ulikuwa unarudi dukani unatweta, umenuna, huongei na mtu.

Mpaka akaja yule daktari wa utafiti, binti mpole. Ni yeye tu aliyekutaka hivyo hivyo ulivyo. Akatueleza kwamba damu ikizungushwa kwenye mashine, juu yanajitenga maji ya njano, ndiyo plazma, na humo kuna vimeng'enya, vitu vinavyoendesha kazi za mwili. Walitaka kuona vinafanya kazi kwa nguvu gani kwa mtu anayeumwa moyo na mapafu, na mnene juu yake. Ukamwambia, "Basi umefika, mwanangu. Mimi magonjwa nimechukua kwa jumla." Alicheka mpaka akaiweka sindano chini. Nawe ukakunja mkono wa gauni: "Chota tu, si unaona ninayo nyingi?" Jamani, Mama. Nakupenda mpaka naumia.

Majuzi yule daktari amepiga simu kutupa pole. Akasema vichupa vya damu yako bado vipo kwenye friza, hawajamaliza kuvipima, na kama familia haitaki wataviondoa. Nikamweleza Baba Mkubwa, maana baada ya Baba kufariki yeye ndiye kaka aliyebaki. Weee! Akawaka. "Sisi hatuziki mtu nusu! Tumempandisha Moshi, tumemlaza migombani karibu na mumewe, leo naambiwa damu yake iko kwenye friji mjini? Nakuja kuichukua, tukaifukie." Na nilimwelewa, Mama. Kwetu mtu anarudi nyumbani mzima. Siku ile nzima nakuwaza tu kwenye baridi lile, peke yako.

Jumamosi akaja kweli. Akapanda zile ngazi za dukani kwetu, akafika juu kashikilia ukuta, jasho linamtiririka, shikamoo yangu hawezi hata kuiitikia. Kifua kinalia filimbi. Na tumbo lake unalijua. Nikamkalisha, nikampa maji. Pumzi iliporudi hakuuliza habari ya vichupa. Aliniuliza taratibu, "Mimi pia wananiambia mara moyo, mara mapafu. Mama yako waliwahi kumwambia ni kipi?"

Nikamjibu hapana, na kwamba ndicho wanachokitafuta kwenye ile damu.

Akamalizia maji yake. Mwisho akasema, "Waachie, damu yake iendelee na kazi. Shemeji yangu tangu lini alipenda kufunga kazi?" Nikaangua kilio mbele ya wateja. Na yeye alilia, akasingizia jasho.

Kwa hiyo nimempigia daktari, nimemwambia wakae nayo. Nakuahidi, siku wakimaliza nitakwenda mwenyewe kusikia walichokuta. Na Baba Mkubwa nitamsindikiza kliniki, apende asipende.

Pumzika, mama yangu mzuri. Desemba tutapanda wote nyumbani, nikupalilie na kukupangia maua. Lakini nikizidiwa na hamu yako kabla ya Desemba, sitahangaika na basi la Moshi. Nitakwenda nisimame nje ya ile maabara, nikuamkie hapo hapo.

Mwanao,
Neema