Taa Moja ya Buluu

Mwanangu Janelle,

Huku Ohio theluji imefika magotini, ila mimi mzima. Nimefunga vile vidude vipya vya kuongozea taa zetu za Krismasi. Vya zamani viliwasha waya mzima wa taa kwa pamoja. Hivi vinaiamrisha kila taa peke yake. Watu bado wanaegesha magari nje kutazama taa zikicheza, na kusikiliza muziki wake tunaourusha kwenye redio za magari yao.

Unakumbuka mama yako alivyoomba kila mwaka taa moja tu ya buluu juu ya mti, nami nikimjibu, "Mama Janelle, haiwezekani. Hapa ni zote au giza." Basi mwezi wa kumi vidude vilipoletwa, nilijifungia kwenye gereji yetu ya chini nimwandalie taa hiyo. Akaniita kutoka kitandani alikokuwa akiugua. Nikasema, "Ngoja nimalizie waya huu." Nilipopanda juu, alikuwa ameshakata roho. Hilo sikukwambia mazishini.

Jana nilizima zote, nikawasha ile moja. Jirani yetu Dwight akashusha kioo cha gari.

"Vipi, Verlin, mitambo imekufa?"

"Hapana," nikamwambia. "Ndiyo kwanza inafanya kazi."

Njoo uione.

Baba yako,
Verlin