Sufuria ya Safta

Veta, nalia. Sarmale za mama, zile nyama alizozifunga kwenye majani ya kabichi, zimetupwa!

Si unajua leo ni siku ya wafu, tulikuwa tunavuka mpaka kwenda Romania, kwenye kaburi la mama mdogo Safta. Pasipoti zikapita vizuri. Afisa wa forodha akafunua sufuria: "Mama, nyama hairuhusiwi kuingia."

"Ni ya kugawa kwa ajili ya marehemu dada yangu, mwanangu. Basi kula wewe, useme Mungu amrehemu, nami nitaridhika."

"Siruhusiwi, mama."

Eti haruhusiwi, Veta! Akamwaga zote kwenye pipa, mama anatazama.

Sasa tuko makaburini. Watu wanagawiana vyakula kwa ajili ya wafu wao. Mama ametandika kitambaa, ameweka sufuria tupu juu ya kaburi.

Mwanamke wa kaburi la jirani kamletea sarmale zake. Mama kazikataa.

"Asante, dada. Safta atajua si mkono wangu."