Kiti cha Odongo

Jumapili, 2 Februari 2025

Nimeshinda tena! Mbuvi amenuna mpaka chai yake ikapoa.

Leo zamu ilikuwa ya kwake, Ruiru. Baada ya kanisa tulipakia masanduku ya spika ya ndugu yangu Odongo kwa gari la jirani, Probox, Owino akayafunga kamba kama mbuzi wa kupelekwa soko. Kufika, Mbuvi ashatundika shuka ya maua kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma yake spika zake mpya — ndefu, nyeusi, zinanifika kifuani. Zangu za mbao zikawekwa kando yake, kama shangazi wa mashambani kwa harusi ya mjini.

Sheria ni zile zile marehemu ndugu yangu aliweka. Unakaa mbele ya shuka, huoni kitu. Mtu anabadilisha waya huko nyuma. Unasema A au B. Na unasema ukweli wa masikio yako, hata kama umependa ya adui. Odongo alikuwa mkali kwa hilo. Anayedanganya mbele ya shuka, alisema, asije tena kusikiliza na sisi.

Mbuvi ni mtu wa besi. Vikombe visipotetemeka kabatini, kwake hakuna muziki. Mimi napenda katikati, pale mtu anapokaa na sauti yake. Tumebishana haya toka Odongo akiwa hai. Owino mume wangu hana upande. Anapenda zikiwa chini, na zikizimwa anapenda zaidi.

Mwisho nikatoa ile kanda kwa mkoba. Odongo alijirekodi peke yake na gitaa, chumbani kwake hapa Makongeni, mwaka aliotuacha. Kabla ya kugusa waya wa kwanza wa gitaa anavuta pumzi, na kiti chake kinalia — kwii — kidogo tu, mbao kuukuu ikikubali uzito wa mtu. Hapo ndipo anaingia chumbani. Kwa spika za Mbuvi: gitaa nono, tamu, lakini pumzi hakuna, kiti hakuna. Kwa masanduku ya zamani: huyo hapo! Ungedhani atakuomba maji.

Mbuvi akaomba irudiwe. Akaomba tena. Alipiga gitaa la pili na Odongo toka ujana wao, kwa hivyo namwelewa. Akasema, sista, hizi spika zinahitaji mtu wa kuzitendea haki. Nikacheka. Nikamwambia ziko kwa mwenye damu. Odongo alipozikwa, nyumbani walipigania baiskeli na ng'ombe; masanduku waliyaita takataka. Mimi ndiye niliyeyabeba.

Alhamisi, 6 Februari

Natoka kiwandani, kufungua mlango — masanduku hayapo! Vumbi tu la mraba mahali yanapokaa.

Owino akaniambia nitulie. Mbuvi amefiwa na mjomba. Watu wanakutana kila jioni Kahawa Sukari, wanataka spika za nyimbo. Kaja mchana, kachukua.

Nilikasirika kidogo. Simu si ipo? Lakini matanga ni matanga. Hakuna mtu mwenye akili ananyima msiba kitu. Sufuria unatoa, viti unatoa, hata godoro unatoa. Sisi wakati wa Odongo tulikalia viti vya mtaa mzima. Nimemtumia Mbuvi pole. Amejibu: Asante sana siz, Mungu akubariki.

Jumatatu, 10 Februari

Zimerudi, tena zimepanguswa. Nimeweka kanda kabla hata ya kuvua viatu.

Gitaa lipo. Sauti ipo. Pumzi — labda. Kiti hakuna.

Nimerudisha. Hakuna. Nimesafisha kichwa cha redio kaseti na spiriti. Nimekaza waya. Nimesogeza masanduku mbali na ukuta, nikayarudisha. Hakuna! Odongo anaimba kama mtu wa redioni, mtu yeyote tu.

Jumanne, 11 Februari

Nimemwambia Owino. Akauliza kiti gani. Nikamweleza kwa mara ya mia. Akaniangalia kwa upole mwingi, upole ambao si wake. "Mama Maxine, hakujawahi kuwa na kiti. Hiyo ilikuwa kelele ya kanda, na kanda nayo imezeeka." Kisha akaongeza, polepole, kwamba masikio yangu yameliwa na mashine za kufuma. Miaka yote hiyo kiwandani, nilitarajia nini?

Nimempigia Mbuvi. Naye: "Ai, sista, spika ni zile zile. Ni age tu. Hata mimi kengele ya kanisa siku hizi naisikia kwa mbali."

Wananionea huruma. Huruma yao inanichoma kuliko tusi.

Na kama ni kweli? Nimekaa jikoni nikiwaza hilo mpaka ugali ukaungua. Uso wa Odongo ninao kwa picha. Nguo zake zilivaliwa na wengine zikaisha. Kwa ile kwii tu ndipo bado ana uzito. Masikio yakiisha, nimemzika mara ya pili, na safari hii peke yangu. Naogopa. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 14 Februari

Wenzangu wamevaa nyekundu, maua yanauzwa getini. Mimi zawadi yangu ya Valentine ni kupimwa masikio. Nimeomba ruhusa nikaenda kliniki mjini. Msichana mpole, Gathoni. Akanifungia kichumbani, nikavaa headphone, nikawa nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Headphone zenyewe mbaya! Nilitamani kumwambia.

Sikio la kushoto limechoka kidogo. La kulia, anasema, hata wasichana wa umri wake wangetamani kuwa nalo. Nikamuuliza: kiti cha mbao kikilia kwa upole, naweza kukosa kukisikia? Alinitazama sana. Akasema, mama, wewe hiyo utaisikia hata ukiwa chumba cha pili.

Nilipotoka nilitembea kama mtu aliyeachiliwa na korti. Halafu nikasimama katikati ya njia. Kama si masikio — ni nini?

Jumamosi, 15 Februari



Trizah tunafanya naye kazi, na anaishi Kahawa Sukari, nyumba ya tatu kutoka kwa huyo mjomba wa Mbuvi. Leo wakati wa chai nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, kama spika zangu zilisikika vizuri kwa matanga. "Spika gani?" Yeye alihudhuria karibu kila jioni. Mzee alikuwa wa kanisa lile lisilotaka vyombo: ni midomo na makofi, hata kayamba hawaruhusu. "Mngeleta spika pale, wazee wangewafukuza na fimbo!"

Alicheka. Mimi nilimwaga chai.

Nimerudi, Owino ameenda chama chao. Nikageuza sanduku la kwanza. Odongo alifunga kifuniko cha nyuma na skrubu za kuokota, kila moja na sura yake, moja hata ilitoka kwa cherehani ya mama. Leo zote ni mpya, zote ndugu. Nikafungua.

Spika yenyewe, ile sahani ya karatasi inayoimba, haipo. Kuna nyingine. Nyeusi, ya plastiki, inanuka duka. Sanduku la pili hivyo hivyo. Ya Odongo ilikuwa ya kijivu na ilipasuka zamani. Akaiziba kwa kipande cha mfuko wa unga na gundi, mimi nikimshikia tochi. Kitambaa cha mbele kinaficha, huwezi kujua ukitazama. Ukisikiliza, unajua.

Mwizi wa kawaida angebeba na sanduku. Huyu amenitolea moyo, akanishonea ngozi, akanirudishia akisema Mungu anibariki. Na msiba wenyewe ulikuwa wa kweli! Alimtumia maiti wa mjomba wake kama ufunguo wa mlango wangu.

Lakini mlango, nani alimfungulia?

Jumapili, 16 Februari

Sijaenda kanisa. Nilimwekea Owino ile sahani nyeusi kwa meza, mahali pa chai yake.

Hakukana. Hilo namkubalia. Alikaa, akavua kofia. Anasema Mbuvi amemwomba toka Krismasi. Anataka kuziweka sahani za Odongo ndani ya zile spika ndefu zake, mbao nzuri, amplifaya ya nguvu, ndiyo zitaimba inavyostahili. Nikamuuliza Owino, na wewe ulipata nini? Akasema hakupata kitu. Akasema alitaka jioni.

Jioni gani!

"Kila siku nikitoka kazi, kuna marehemu amekaa sitting room. Nikikuongelesha unaniwekea kidole: ngoja, kiti. Yawa, Auma, mimi si mtu? Huyo ni shemeji yangu, nilimpenda. Lakini nimeishi na yeye kuliko nilivyoishi na wewe."

Hilo la kidole ni kweli. Sikatai. Lakini ana mdomo, si angesema? Angesema, tungegombana, tungepatana, kama watu. Badala yake akanitazama machoni akaniambia masikio yangu yamekufa. Aliniacha niende kliniki. Alinisindikiza mpaka stage ya matatu, akaniambia niwe na moyo!

Nikamuuliza swali moja la mwisho. Mlidhani sitajua?

"Mbuvi alisema hutajua."

Na wewe?

Akavaa kofia yake. Alimwamini Mbuvi kuliko mimi, hata kuhusu masikio yangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa shule tukaimba kama kasuku. Mimi changu hunywa chai na maziwa mengi na hukoroma.

Jumatano, 19 Februari

Hatuongei. Chumvi anaomba kwa kuinyooshea mkono.

Ujumbe kutoka kwa Mbuvi: Jumapili karibuni, nimefanyia spika zangu marekebisho, nataka masikio yako sista. Leta kanda.

Masikio yangu! Yale yaliyokufa! Kumbe Owino hajamwambia. Anataka kunikalisha mbele ya shuka na mali yangu nyuma yake, ndugu yangu mwenyewe, nisifie. Nimejibu: Tutakuja. Nikaweka na alama ya kidole gumba.

Nimemwambia Owino atairudisha ile plastiki kwa sanduku, atavaa shati jeupe na ataenda na mimi na masanduku, na asifungue mdomo.

Jumapili, 23 Februari

Niko nyuma ya nyumba ya Mbuvi, nimekalia jerikeni karibu na tangi la maji. Nimesema nimeona kizunguzungu. Naandika haraka.

Mpango ulikuwa rahisi. Bisibisi iko kwa mkoba. Nikae, nisikilize, halafu niinuke, nishushe shuka, nifungue spika zake mbele ya kila mtu: mbele ya Ndunge mke wake, mbele ya majirani wa kanisa aliowaalika kula muthokoi. Kile kipande cha mfuko wa unga kijisemee chenyewe. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno.

Mbuvi alinipokea kwa mikono miwili. Pole kwa masikio, sista. Nikampa kanda. Nikakaa.

A ilikuwa masanduku yangu na hiyo plastiki yao tumboni. Mtu wa redioni. Sawa.

Kisha B.

Nilijiandaa kwa hasira. Sikujiandaa kwa hili. Kwanza chumba — nilisikia chumba chenyewe, ukuta wake, dirisha liko wazi, huko nje Makongeni mtu anafagia. Fagio! Miaka yote sijawahi kusikia fagio. Halafu pumzi, si puani tu, mpaka kifuani. Halafu kiti. Si kwii. Kiti kizima, miguu minne, na Odongo akijisogeza juu yake, na kidole chake kikigusa waya kabla haujalia. Yuko hai kwa nyumba ya mwizi. Kwangu hakuwahi kuwa hai hivi, hata siku moja.

Ndunge alisimama na sahani mkononi. Nyuma ya shuka nikasikia mtu analia, na ni Mbuvi.

Kanda ikaisha. Akauliza: "A ama B, sista?" Nikashika mkoba. "Auma, sema. Wewe hujawahi kudanganya kwa shuka."

Anajua! Anajua kwamba najua, nadhani. Amenifunga kwa sheria ya ndugu yangu. Nikisema A, nimemdanganya Odongo. Nikisema B, nimewapa baraka. Nikitoa bisibisi nabeba sahani zangu za karatasi, narudi nazo kwa masanduku yangu, na lile fagio sitalisikia tena. Ningewachukia kwa urahisi sana kama ingekuwa imesikika vibaya. Nilikuwa nimeomba isikike vibaya. Ndiyo, kanisani leo, kwa magoti.

Kanda bado iko ndani ya mashine yake. Mkoba niko nao. Wananiita huko ndani, Ndunge anauliza kama niletewe maji.

Owino ametoka. Amesimama mlangoni na shati lake jeupe, macho mekundu. Anaona naandika na hajali. Nilimkataza kufungua mdomo, na ameufungua.

"Mama Maxine," anasema. "Kumbe kiti kipo."