Asilimia Nane ya Kisima cha Wakfu

Jumatatu, 5 Mei 2025
Majibu ya kisima yametoka! Machi, bakteria wa kinyesi walikuwa asilimia arobaini ya bakteria wote tuliowasoma maabara. Ami Taimur akakifunga kwa kufuli, huku roho inamuuma — kisima kachimba babu, kawawekea wakfu watu wa Makorora. Sasa ni asilimia nane. Nane tu! Sikungoja hata kula. Nikapita kwake, shikamoo Ami, nikamwambia wamepungua sana. Kalia kwa furaha. Kasema thawabu za babake zimerudi. Kufuli kaitoa palepale.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua haikatiki. Jirani, Mama Luka, anasema mwanawe Precious anaharisha. Nikamwambia amnyweshe maji kwa wingi. Akasema ashukuriwe Mungu, kisima kimefunguliwa.

Ijumaa, 9 Mei
Innocent, mwenzangu wa maabara, kachungulia grafu zangu. Kauliza: jumla ya bakteria ni kiasi gani? Nikasema mashine haitoi jumla, inatoa asilimia ya kila aina tu. "Ndiyo hapo sasa," akasema.

Tumepima jumla kwa maji ya Machi na ya sasa yaliyobaki kwenye friji. Imepanda mara ishirini tangu Machi. Mvua imeingiza tope, majani, na maji ya shimo la choo la nyumba ya nyuma. Wale wabaya hawakupungua, wamezidiwa tu na wenzao. Kwa idadi wako mara nne ya Machi.

Na hili nalijua! Nimelisomea. Ila nilitaka kumpelekea Ami habari njema, basi nikaona nane, nikakimbia. Mjinga mkubwa mimi.

Precious kalazwa.

Jumamosi, 10 Mei
Nimekwenda kwa Ami baada ya alasiri. Foleni ya ndoo hadi barabarani. Nikamvuta pembeni, nikamweleza taratibu: mawe manne kwenye kikombe cha mchele, ukimwagia juu yake gunia zima lenye mawe yake, mawe yataonekana machache. Akasema mchele anaujua, asichokijua ni mimi nataka nini. Juzi nane nzuri, leo nane mbaya? Namchezea mbele ya watu?

Akapaza sauti kwamba maji ya babake hayajamdhuru mtu. Akateka. Bismillahi, kata nzima. Kisha ya pili. Watu wakasogeza ndoo.

Nilitakiwa nipige kelele. Lakini ami yangu, hadharani, mbele ya jirani zake… Naona aibu hata kuandika.

Jumapili, 11 Mei
Ami yuko msalani tangu alfajiri. Anatoka, anarudi. Mkewe, Bi Hasina, anamkorogea chumvi na sukari — maji ya chupa, nimehakikisha. Ami kaniita mlangoni, sauti hana. Nisimwambie mtu. Nisimvunjie heshima.

Nje wanateka. Nimetoka nikawaambia maji si salama, waache. Mama Luka yumo, anajaza dumu la kumpelekea Precious wodini. Kanijibu kwa upole kabisa: mzee kanywa jana mbele yetu, mbona mzima?

Siri ya Ami sikuitoa.

Nimerudi ndani kuchukua kufuli. Bi Hasina kaishika mkononi, hataki kunipa. Anasema kisima ni cha mzee, nimsubiri atoke, nimwombe ruhusa.

Nimekaa hapa ukumbini. Hatoki. Nimebisha mlango wa msalani mara mbili, hajibu —