Taya la Veronika

Elia ndugu yangu,

Nimechoka. Ningeanza na salamu, lakini wewe ulikuwa ukiniona tu naingia chumbani kwetu pale chuoni, unajua hali yangu kabla sijavua viatu. Kwa hiyo hali nakupa kwanza. Nimerudi nyumbani Mwankoko, na nimepangiwa kazi katika hospitali ya mjini Singida. Mvua imekataa kunyesha. Watu wanakula unga wa njano wa msaada, na watoto wanaletwa wodini wakiwa wepesi kama magunzi. Tangu tulipokuzika Sekenke sijakuandikia, maana sikuwa na la kukuambia. Sasa ninalo.

Ni ile kazi yetu na Profesa wetu wa chuoni, ya watoto wenye kansa ya taya. Wengi walisema dawa yake ni kisu tu, nasi tukawatibu kwa sindano, uvimbe ukayeyuka mbele ya macho yetu. Wewe ulikuwa ukiwabeba mgongoni kuwapeleka kuota jua. Lakini Profesa alikataa kuandika kwamba wamepona mpaka ijulikane wanaishije huko makwao, nawe ukamuunga mkono. Ulisema, "Mtoto tusiyejua aliko, Jumanne, tusimwite mzima."

Kisha ukaanza kukonda. Nakumbuka uliketi kitandani, ukapandisha shati. "Weka mkono hapa. Usinidanganye." Niliweka. Ini lako lilikuwa gumu, limejaa vinundu, na sisi wote wawili tulijua maana yake. Ukashusha shati, ukasema twende tukale kabla maharage hayajaisha. Ulikula yako yote. Mimi nilishindwa.

Mwaka huu Profesa ameniagiza niwatafute watoto wa mkoa wetu. Nadhani hakujua anaomba nini. Watu wamehamishiwa vijiji vipya, na aliyekuwa akikaa hapa sasa yuko kule. Nilipofika Mungaa kwa baiskeli, nyumbani kwa kina Veronika, yule mtoto wetu wa taya la kushoto, nilikuta tembe limeezuliwa, mbuzi wamelala palipokuwa jiko. Balozi wa nyumba kumi akanielekeza kijiji kipya. Gurudumu likapasuka njiani, nikaisukuma baiskeli juani, nikafika miguu imevimba.

Mama Veronika alikuwa anapepeta uwele. Alinitambua. Salamu yangu aliiitikia nusunusu, akainuka na kusimama mlangoni. Alidhani nimekuja kumchukua tena mtoto, kwa sababu mara ile alikaa kwetu Dar es Salaam mpaka mdogo wake akazaliwa na kuanza kutambaa bila yeye kumjua. Nilimweleza kwamba nataka kumtazama tu, kisha niondoke.

Akaniuliza, "Yule mwenzako mrefu yuko wapi? Mbona hakuja?"

Nikamwambia umefariki. Akataka kujua kwa ugonjwa gani. Nikasema kansa, ya ini. Akakaa chini taratibu, akauweka ungo kando.

"Alimtoa mtoto wangu ugonjwa ule," akasema, "ukamrudia yeye."

Nilimwambia hauambukizi, na kwamba wako ulikuwa mwingine kabisa. Alinisikiliza kwa adabu. Sidhani kama aliamini. Kisha akamwita mtoto.

Elia, alikuja anatafuna bua la mtama. Analimenya kwa meno, kwa taya lile lile la kushoto, anatema makapi kama watoto wote. Amerefuka, yuko darasa la pili. Akanipa shikamoo. Nikampapasa taya, shingo, tumbo, nikarudia tena. Hamna kitu. Nilikuwa nimesubiri furaha, lakini iliyonijia ni usingizi. Mama yake alinipa ugali wa uwele na mlenda, na nilipomaliza nikalala pale pale nimeegemea ukuta. Nilipoamka nikakuta Veronika amekaa karibu yangu, anafukuza nzi.

Si wote waliopona. Yule mdogo wa Itigi uvimbe ulimrudia, wazazi wake wakamzika kabla sijapata habari. Wa Manyoni sikumpata. Familia ilihama na ng'ombe wao na hakuna anayejua walikopitia. Nimemwandikia Profesa yote kama yalivyo.

Ameisoma kazi ile pale chuoni, mbele ya madaktari waliotoka nchi nyingi. Jina lako aliliweka la kwanza, kabla ya lake. Nilikuwa nimekaa nyuma, vumbi la treni bado liko kwenye suruali. Watu walipiga makofi. Mkuu wa chuo akasema vijana wa nchi changa wamewafundisha wakubwa. Wanafunzi wakanizunguka na maswali, maana namna ile ya kutibu sasa wanafundishwa darasani, na wengine wao wameshaanza kuwatibu watoto mikoani kwao. Nilijibu nilivyoweza. Baadhi ya majibu ungeyatoa wewe vizuri zaidi.

Niliporudi nilipitiliza mpaka Sekenke niwaambie wazazi wako. Baba yako alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akatoka kwenda kufunga ndama. Mama yako aliuliza kama huyo mtoto aliyepona ana mama. Nikamwambia anaye. Akafurahi, Elia, kweli alifurahi. Halafu akaniuliza, "Na huu uliomuua mwanangu, wanautafutia dawa?"

"Bado, mama."

"Basi anzeni."

Hakusema kwa ukali. Aliendelea kuchambua mboga zake, nami nikabaki natazama mikono yake.

Nimemwomba Profesa anirudishe chuoni, nikakae na hadubini nishughulike na ini. Amekubali. Atakayeshika nafasi yangu hapa akifika, nitapanda treni. Sitakuongopea kwamba nina hamu. Watu wanadhani makofi yanampa mtu nguvu. Mimi nilitamani kulala mwaka mzima. Huenda dawa yenyewe wataipata watu ambao bado hawajazaliwa. Lakini nakuahidi, nitaanza. Nitaanza hivi hivi nilivyochoka.

Wa kwako wamekuombea kanisani, nami nimekuombea kwa dua ya kwetu. Pumzika, ndugu yangu. Huko ulale kwa niaba yangu pia.

Ni mimi mwenzako,
Jumanne